Trei Mbili za Mayai ya Januari

Gazi, 24 Juni 2023

Mume wangu Ziro,

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kukitazama kivuli wiki moja, kisha wakadhani wamekiona mwaka mzima. Nalitaja mapema, maana Boga muuza samaki amenieleza kwamba unajenga banda la kuku, na kwamba umeshinda siku saba ukizunguka uwanja na kamba mkononi, ukipima vivuli kama fundi anayetafuta kibla.

Sasa salamu. Hujambo, mjukuu wangu? Babako Garama hajambo? Mbuzi wanapata malisho? Mimi ni mzima, ila magoti, ambayo tangu nistaafu ualimu hayajapata kunitii hata siku moja. Shangazi yako Eunice ananitunza vizuri na ananikaripia vizuri zaidi. Anakusalimu.

Utauliza kwa nini nakuandikia na simu ninayo. Kwenye simu, kila nikifika katikati ya maelezo unasema, "Bibi, mtandao unasumbua," na mtandao unasumbuka papo hapo. Karatasi haina mtandao. Boga hupeleka samaki huko Lunga Lunga kila wiki kwa pikipiki yake. Atakuwa tarishi wetu.

Nijibu jambo moja tu. Banda lako, upande ulio wazi unaelekea wapi?

Ni mimi bibi yako, na mkeo wa kwanza,
Shutu


Lunga Lunga, 1 Julai 2023

Shikamoo Bibi,

Barua imefika salama ikinukia papa. Paka ameifuata hadi mlangoni. Sisi huku hatujambo, mbuzi hawajambo, na Baba anasema magoti yako yamerithi ukaidi wako.

Bibi, ngoja nikueleze yote, ujue kwa nini nahangaika. Unajua nimeacha kazi ya kubeba mizigo hotelini Diani. Unajua pia habari za Ndila, yule fundi cherehani wa hapa sokoni. Mwezi uliopita nilikwenda kwao Kikoneni kujitambulisha kwa babake, Mzee Muthoka. Walihamia hapo kutoka Ukambani Ndila hajazaliwa, na mzee amefuga kuku miaka yote hiyo. Alinipa uji, akaningoja nimalize, ndipo akasema: "Kijana, mimi sitaki maneno mingi. Msichana wangu haendi kwa mtu ameacha hoteli aje kucheza na kuku. Januari, ile jua kali kabisa, uniletee trei mbili za mayai. Zimetagwa siku moja. Kuku ni wako. Ukileta, tunaongea. Usipoleta, rudi ubebe masanduku."

Mayai sitini kwa siku moja, Bibi, na Januari! Huku kila mtu anajua kuku hunyamaza wakati wa joto la kaskazi. Hata wa Mzee Muthoka hunyamaza.

Kwa hiyo nimefikiri sana kabla ya kujenga. Banda ni refu, kutoka mashariki hadi magharibi. Upande wa kaskazini nimeweka ukuta mzima wa fito na udongo, hauna hata tundu. Upande wa kusini ni waya mtupu. Sababu ni mbili. Ya kwanza, nimechunguza siku saba, na mchana kivuli cha ukuta huangukia kusini kila siku. Kuku watakaa kivulini. Ya pili, upepo wa miezi ya joto hutoka kaskazini, kwa hiyo ukuta utalizuia joto lisiingie. Na jua lenyewe, Bibi, hutoka mashariki likatua magharibi. Kusini halina safari.

Niambie kama kuna kosa hapo.

Mjukuu wako na mume wako,
Ziro


Gazi, 7 Julai 2023

Mume wangu mpendwa,

Hujambo? Nyote hamjambo? Sisi tunamshukuru Mungu. Eunice amepata kazi ya siku tatu ya kupanda mikoko na wenzake, anarudi na matope hadi kwenye nyusi.

Umefikiri vizuri, na umekosea vizuri. Mwanafunzi wa namna hiyo nilimpenda siku zote.

Tuanze na siku. Jua halitoki wala halitui. Sisi ndio tunaogeuka. Dunia inajizungusha yenyewe kuelekea mashariki, mzunguko mmoja kwa siku. Alfajiri unapoliona jua likichungulia, ni Lunga Lunga nzima, pamoja na mbuzi wa babako na malori yaliyopanga foleni mpakani, imeligeukia jua. Jioni imeligeuzia kisogo. Hapa tulipo tunapelekwa mbio zaidi ya kilomita elfu moja na mia sita kwa saa, na chai haimwagiki, kwa kuwa kikombe, meza na mnywaji wako safari moja.

Hiyo ni siku. Mwaka ni habari nyingine. Chukua chungwa, ulichome kijiti cha mshikaki toka juu hadi chini. Weka taa mezani, ndiyo jua lako. Usikishike kijiti wima. Kilaze kidogo, kichwa chake kielekee upande wa mlango. Sasa izunguke meza, na popote utakapofika, kichwa cha kijiti kibaki kimeelekea upande ule ule wa mlango. Usikigeuze kuifuata taa. Hapo ndipo wanafunzi wangu walipoanguka miaka thelathini na mmoja. Ukiwa upande mmoja wa meza utaona kichwa cha chungwa kinaiinamia taa. Ukiwa upande wa pili, kichwa kinaikwepa, na kitako ndicho kinachopata mwanga zaidi. Kuizunguka meza mara moja ni mwaka. Juni, kaskazini ya dunia inaliinamia jua. Desemba ni zamu ya kusini.

Sisi tuko karibu na kiuno cha chungwa, chini yake kidogo. Ndiyo maana jua letu halina upande mmoja. Ni kweli linapita kutoka mashariki kwenda magharibi, lakini mwezi huu linapitia kaskazini yetu, na Desemba litapitia kusini yetu. Ukuta wako hautahama, Ziro. Kivuli chake ndicho kitakachohama. Kitatoka kwa kuku, kikae nje nyuma ya ukuta, kiwapoze mijusi. Na ule upepo wa kaskazini unaouogopa ndio pumzi pekee watakayoipata kuku miezi hiyo, nawe umewazibia.

Usiniamini. Chukua fimbo iliyonyooka, iache mita moja juu ya ardhi, uisimike wima uwanjani. Mchana jua linapokuwa juu kabisa, weka kijiti kwenye ncha ya kivuli. Leo utapata kama sentimita hamsini na moja, kuelekea kusini. Kitapungua wiki kwa wiki. Tarehe nne Oktoba, saa sita na dakika kumi na mbili, fimbo haitakuwa na kivuli. Baadaye kitatokea upande wa pili.

Kama fimbo itasema vingine, nitakuja mwenyewe na magoti haya nikuombe radhi mbele ya kuku.

Bibi yako,
Shutu


Lunga Lunga, 29 Julai 2023

Shikamoo Bibi,

Natumaini huna neno. Vifaranga wamefika! Mia moja na wawili, wa umri wa mwezi mmoja, wote wazima, wanapiga kelele kama siku ya mnada. Baba amejifanya hawapendi, lakini jana nilimkuta amechuchumaa bandani akiwaambia habari za mbuzi.

Chungwa nililifanya, Ndila akashika taa. Nilizunguka meza mara tatu. Kichwa cha kijiti kilibaki mlangoni kama ulivyosema, na nikaona zamu za kaskazini na kusini. Nilipomaliza kumweleza, Ndila akaimenya dunia akaila.

Fimbo pia nimeisimika. Kivuli kimetoka hamsini na moja, sasa ni arobaini na tatu. Kupungua kinapungua, sikatai.

Lakini Bibi, nimekukamata! Nimetafuta kwenye simu nikakuta kwamba dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai. Kumbe ndiyo sababu ya joto. Tunasogea karibu na moto, tunaungua, basi. Chungwa la watu halikuwa na haja ya kuinama. Na kama ni moto uliosogea tu, kivuli kitapungua kidogo kisha kirudi kilikotoka, na ukuta wangu uko pale pale.

Wewe ni mwalimu mstaafu, mimi ni mwalimu mpya. Jibu hilo.

Mumeo mshindi,
Ziro


Gazi, 5 Agosti 2023

Mume wangu mshindi,

Hujambo? Na vifaranga hawajambo? Nimecheka mpaka Eunice amekuja kuuliza ni dawa gani nimekunywa.

Ulichosoma ni kweli kabisa, na ukweli huo umewapoteza wengi, hasa sisi wa huku, kwa sababu unafanana na maisha yetu. Januari tuko karibu na jua, na Januari tunaona joto. Nani asingedanganyika? Lakini wewe huna udhuru, kwa kuwa ulibeba masanduku. Desemba na Januari hoteli yako ilijaa akina nani? Walikuwa wanakimbia nini? Yule mama Mjerumani uliyenisimulia, aliyekuonyesha picha ya gari lake limezikwa na theluji, picha ile aliipiga mwezi gani? Yeye na wewe mko dunia moja. Dunia ikilikaribia jua, inalikaribia na watu wake wote. Kama ukaribu ndio ungeleta joto, mama yule angekaa kwao akaota jua kwenye paa la gari.

Tena huo ukaribu wenyewe ni kidogo. Ni kama mtu aliyekaa hatua thelathini kutoka kwenye moto, akasogea akakaa hatua ya ishirini na tisa.

Kinachofanya kazi ni kuinama. Chukua tochi, uimulike sakafu ya banda moja kwa moja kutoka juu. Utapata duara dogo lenye mwanga mkali. Sasa ilaze tochi. Mwanga ni ule ule, lakini umetawanyika, umekuwa mrefu na hafifu. Januari Ujerumani inamulikwa kwa tochi iliyolazwa, tena kwa muda mfupi. Sisi tunamulikwa karibu kabisa na utosi. Hapa kwetu tofauti ya Juni na Januari si kubwa, ndiyo maana upepo na mawingu nayo yana usemi. Kwao ni kubwa, ndiyo maana wana theluji na sisi tuna jasho.

Na ukitaka kujua tumebahatika vipi, tazama saa yetu. Tunaanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza, na zinatufaa mwaka mzima, kwa sababu mchana wetu hauongezeki wala haupungui ila dakika chache. Mpe Mjerumani saa yetu mwezi wa Desemba. Saa kumi na robo ya jioni kwake ni magharibi, na saa moja ya asubuhi angeisoma gizani.

Endelea na fimbo. Nangoja.

Bibi yako asiyeshindika,
Shutu


Gazi, 27 Septemba 2023

Ziro,

Salamu nyingi. Wiki saba sijapata barua. Boga ananiambia u mzima, kuku wamekua, na kwamba kila akikuuliza kama una barua unatazama pembeni. Sikuulizi sababu.

Nakukumbusha tu. Jumatano ijayo, tarehe nne, saa sita na dakika kumi na mbili mchana.

Bibi yako,
Shutu


Lunga Lunga, 4 Oktoba 2023

Shikamoo Bibi,

Naandika saa saba mchana wa leo.

Kwanza unisamehe. Mwezi wa nane Mzee Muthoka alikuja kukagua. Alizunguka banda mara mbili, akaupiga ukuta wa kaskazini kwa kiganja kama mtu anayempongeza ng'ombe. Akasema, "Hapa umefikiria. Hata mimi yangu nimejenga hivi hivi." Bibi, nililala usingizi mtamu. Asubuhi nikaenda kwenye fimbo, kivuli kimepungua tena. Wiki iliyofuata, kimepungua. Ukweli ni kwamba nilikuwa nangoja fimbo ikosee ndipo nikuandikie.

Leo haikukosea. Tulikuwa mimi, Baba na Ndila, aliyefunga duka ili aje. Saa sita kamili kivuli kilikuwa upande wa magharibi, kama kidole kimoja. Kikaingia, kikaingia. Dakika ya kumi na mbili fimbo ilikuwa imesimama peke yake juani, haina mwenzake. Nikatazama chini, na mimi kivuli changu nimekikanyaga chote. Ndila alikwenda kisimani akachungulia, akapiga kelele kwamba jua liko chini ndani ya maji. Baba akasema, "Mama alitupiga kwa fimbo sisi wote utotoni. Sasa yuko Gazi, na bado fimbo yake inafika."

10 Oktoba. Boga hakupita wiki iliyopita, kwa hiyo naongeza. Kivuli kimevuka, Bibi. Kimetokea kaskazini, upana wa vidole viwili. Na leo mchana mstari mwembamba wa jua umeingia kupitia waya wa upande wa kusini, ukagusa sakafu ya banda. Nimeutazama kama mtu anayemwona nyoka.

Sasa nifanye nini? Ukuta umesifiwa na mkwe mtarajiwa. Nikiutoboa, namwambia mzee kwamba amekosea, tena hata banda lake limekosea miaka yote. Nisipoutoboa, Januari sina mayai. Ama namkosa Ndila kwa heshima, ama namkosa kwa joto.

Mjukuu wako aliyeshindwa,
Ziro


Gazi, 14 Oktoba 2023

Mume wangu,

Hujambo? Hukushindwa. Aliyengoja miezi mitatu kando ya fimbo, akaandika ilichosema na si alichotaka iseme, huyo amefaulu. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili kwa sauti, na Eunice akafuta macho kwa leso, akasema ni matope.

Banda lako lina jambo moja jema: ni refu kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa hiyo jua la asubuhi na la jioni linakuta ncha zake nyembamba. Limebaki la kusini. Ongeza paa la makuti upande huo, lijitokeze hatua moja na nusu kupita waya. Desemba, jua la mchana litakuwa kusini lakini bado liko juu. Paa la urefu huo linatosha kulizuia. Hilo lifanye sasa, halimtukani mtu.

Halafu ukuta wa kaskazini unahitaji madirisha sita mapana, upepo uingie huku utokee kule. Usiogope kwamba Juni jua litarudi kuchungulia humo. Litakuja wakati wa baridi na mawingu, na kuku watalifurahia.

Kuhusu mzee, sina jibu leo. Nitafikiri.

Bibi yako,
Shutu


Lunga Lunga, 10 Desemba 2023

Shikamoo Bibi,

Pole kwa ukimya, na pole kwa mvua, najua hata huko imewanyeshea. Boga hakuweza kuvuka kwa wiki nyingi. Alipojaribu, alirudi anasukuma pikipiki na samaki wamerudi kuogelea.

Paa la makuti nimelimaliza, na jua haliingii tena. Mwezi wa kumi na moja kuku walianza kutaga, na wiki ya kwanza ya mwezi huu tukafika mayai hamsini na mawili kwa siku. Nikaanza kuimba. Kisha mawingu yakaondoka, joto likapanda. Hewa bandani imesimama kama maji ya mtungini. Kuku wanatweta midomo wazi, mabawa wameyaachanisha na mwili. Jana nimeokota mayai thelathini na moja.

Nimeshika sururu mara tatu, nimeiweka chini mara tatu. Mzee Muthoka anakuja tarehe ishirini na mbili, kabla hajaenda Ukambani kwa Krismasi. Ndila anacheka tu. Anasema, "Baba yangu hajawahi kushindwa na mtu. Labda ashindwe na kijiti."

Nitoboe kabla hajaja, au baada ya kuondoka?

Mjukuu wako,
Ziro


Gazi, 13 Desemba 2023

Ziro,

Salamu kwa wote. Boga amewasha pikipiki ananingoja, naandika kwa kifupi.

Usitoboe kabla, wala usingoje baada. Wapeni kuku maji ya baridi, mara nyingi, wavumilie siku tisa. Mzee akifika, usimweleze jua wala chungwa. Usimwambie neno la ukuta. Saa sita na dakika ishirini na mbili, mpe tepu ya kupimia, umwombe akusaidie kupima kivuli cha fimbo kwa kuwa macho yake yamepima mengi kuliko yako. Kisha nyamaza. Najua ni vigumu, u damu yangu. Nyamaza hivyo hivyo.

Bibi yako,
Shutu


Lunga Lunga, 21 Januari 2024

Shikamoo, Bibi yangu, mke wangu, mwalimu wangu,

Hamjambo nyote? Kaa kitini kwanza ndipo uendelee kusoma.

Tarehe ishirini na mbili Mzee Muthoka alifika saa tano. Nilimpa maji, nikampa tepu. Akasema, "Mimi nimekuja kuangalia kuku, si kupima kuni." Lakini Ndila alikuwa ameshampigia goti amshikie kofia, basi akainama akapima. "Thelathini na nne." Akaniuliza vile vijiti vingine vilivyopangana upande wa kusini ni vya nini. Nikamwambia vya Julai, vya Agosti, vya Septemba, kila kimoja na wiki yake, na kwamba nimeviweka mwenyewe. Kisha nikanyamaza. Bibi, nilijiuma ulimi kwelikweli.

Akasimama pale, kivuli cha fimbo mbele yake, kivuli chake mwenyewe kando. Akakitazama. Akageuka nyuma akalitafuta jua kwa mkono juu ya macho. "Kwa hivyo hii jua iko nyuma yangu?" Akautazama ukuta. Akaenda nyuma yake, upande wa kaskazini, nasi tukamfuata. Kivuli chote kilikuwa huko, kizuri, kipana, na ndani yake alikuwa amelala mbwa wetu. Upepo ulikuwa unavuma, shati la mzee likajaa kama puto. Akapiga ukuta kwa kiganja kama siku ile, lakini polepole.

"Sasa hii ukuta inakinga nani?"

Baba akasema, "Mbwa."

Nilidhani mambo yameharibika. Mzee akamtazama Baba, Baba akamtazama mzee, na wote wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha akavua koti lake la safari, akampa Ndila. "Leta sururu. Hapa nimefanya makosa miaka ishirini na mbili, acha nitoboe mimi wa kwanza." Akatoboa dirisha la kwanza kwa mkono wake, udongo ukamwingia hadi masikioni. Jioni yalikuwa sita. Upepo ulipopita ndani mara ya kwanza, kuku wote walinyanyua vichwa kwa pamoja, kama darasa mwalimu akiingia.

Hakulala kwetu. Alirudi Kikoneni siku hiyo hiyo. Ndila anasema kwa mara ya kwanza hakusafiri Krismasi. Alibaki akitoboa ukuta wake.

Mayai yalipanda kidogo kidogo. Hamsini. Hamsini na nane. Jana, tarehe ishirini, jua likiwa kali hata mbuzi wamekataa kutoka, niliokota sabini na moja. Nilifunga trei mbili kwenye pikipiki ya Boga, na yale kumi na moja ya ziada nikayabeba kwenye kofia. Mzee alitoa moja katikati, akaliweka shavuni kusikia kama bado lina joto. Akasema, "Haya. Tunaongea." Kisha akaniita pembeni akaninong'oneza kwamba na wake mwaka huu hawajanyamaza.

Mazungumzo ameyapanga Jumamosi, tarehe tisa Machi, kwetu, mchana. Tarehe ameichagua mwenyewe baada ya kuniuliza ni lini tena fimbo haina kivuli. Anasema alipomwoza dada yake Ndila, wazee wa upande ule walikaa kivulini wakamkalisha yeye juani kutwa nzima. Safari hii anataka jua lisiwe la upande wowote.

Nina ombi moja, Bibi. Mungu akijalia, nataka kuanza msingi wa nyumba yetu wiki ile ile. Uwanja upo, karibu na kisima. Niambie mlango uelekee wapi.

Mumeo (kwa wiki chache zilizobaki),
Ziro


Gazi, 9 Machi 2024, asubuhi

Mume wangu Ziro,

Hujambo, mjukuu wangu? Umeamka salama? Na bibi arusi mtarajiwa hajambo? Namtanguliza Boga na barua hii, kwa kuwa Eunice bado anapiga pasi leso zake na gari limeshapiga honi mara mbili. Nimemwahidi dereva kwamba magoti yangu leo yatatii. Tutafika kabla ya saa sita.

Sikukujibu kuhusu mlango, na hukunisumbua, nikajua umeanza kuelewa. Unaniuliza mimi niliye Gazi, nisiyejua upepo unavyopinda karibu na kisima hicho. Mwaka jana ulitazama siku saba ukajenga, na yale mayai sitini nusura yakuponyoke. Nyumba ya Ndila si banda. Kuku walikuwa hawawezi kukusema. Yeye ataweza, tena kila Januari.

Dunia imekaribia kumaliza nusu ya safari yake tangu fimbo yako ilipokosa kivuli Oktoba. Jua limekwenda kusini, limegeuka, na leo linapita tena juu ya vichwa vyenu likienda kaskazini. Ni siku nzuri ya kuanza kuhesabu. Msingi uache ungoje mwaka mzima. Lala kwa babako, kula mayai, pendaneni.

Mwambie Mzee Muthoka kwamba nitamkalisha karibu nami, na kwamba nina swali kuhusu dada zake na umri wao, maana namtafutia babako Garama mke mwenye akili, atakayenichekesha.

Leo, saa sita na dakika thelathini na nne, wewe na Ndila nendeni kwenye uwanja wa nyumba yenu, msimike fimbo ya mita moja, na kijiti cha kwanza mkiweke miguuni pake.

Bibi yenu nyote wawili,
Shutu